Vipuri vya kompyuta ya gemu ya kujiundia kwa bajeti ndogo

Pesa nyingi hupotea kabla hata ya kufika kaunta. Mtu anaanza na prosesa kwa kuwa jina lake linavuma, au na kesi yenye taa za rangi, halafu kadi ya picha inaachiwa kilichobaki. Kwa kompyuta ya gemu, utaratibu ni kinyume chake. Anza na kioo (monita), fuata kadi ya picha, kisha chagua vipuri vingine vyote kwa kigezo kimoja: kadi ile ifanye kazi yake bila kukwamishwa na bila kuungua.

Kioo kwanza, kwa sababu ndicho kinachopanga ukubwa wa kazi. Monita ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi kidogo ya milioni 2. Ya 2560 kwa 1440 ina karibu milioni 3.7, yaani mzigo wa kadi unaongezeka kwa zaidi ya robo tatu kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa. Mwenye bajeti ndogo abaki kwenye 1080. Kuhusu hezi, monita ya hezi 60 huonyesha fremu 60 kwa sekunde na si zaidi, hata kadi ikitoa 120. Kama tayari unayo ya hezi 60 na hutaibadilisha karibuni, usinunue kadi ya kutoa fremu ambazo hutaziona.

Kisha andika majina ya gemu tano unazocheza kweli. Gemu za ushindani kama Counter-Strike 2 na Valorant huegemea zaidi prosesa, hasa ukitafuta fremu nyingi. Gemu za hadithi zenye dunia kubwa na mandhari mazito huegemea kadi. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia pesa ya ziada, ikipatikana, iende wapi.

Kwa kukadiria, toa gharama ya monita, kibodi na kipanya, halafu gawa kinachobaki hivi: kadi ya picha asilimia 40 hadi 45, prosesa 15 hadi 20, ubao mama 10 hadi 12, RAM na SSD kwa pamoja karibu 15, pawa saplai 8 hadi 10, na kesi ichukue kilichosalia. Bei ya RAM na SSD huyumba sana, kwa hiyo sehemu hiyo inaweza kuvimba. Ikivimba, punguza kwenye kesi na ubao mama. Pawa saplai usiiguse.

Kadi ya picha

Chini ya GB 8 za kumbukumbu ya kadi, usinunue kadi kwa ajili ya gemu mpya. Kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi hulazimika kuvuta data kutoka RAM ya kompyuta kupitia sloti ya PCIe (tundu la ubao mama kadi inamochomekwa), njia iliyo polepole mno ukilinganisha na kumbukumbu ya kadi yenyewe. Dalili zake ni gemu kugandaganda unapogeuka ghafla, au kuta na nyuso za watu kubaki na ukungu kwa sekunde kadhaa. Kushusha ubora wa tekscha hupunguza tatizo, lakini kwenye kadi ya GB 4 utaushusha hadi gemu ipoteze sura.

Radeon RX 6600 ni mfano mzuri wa kadi ya bajeti: GB 8, wati 132, plagi moja ya pini 8. GeForce RTX 3060 ya GB 12 inakula wati 170 na kumbukumbu yake inatosha kwa muda mrefu zaidi. Ila angalia boksi vizuri, kwani ipo RTX 3060 ya GB 8 ambayo njia yake ya kumbukumbu ni biti 128 badala ya 192, nayo ni dhaifu kuliko tofauti ya GB pekee inavyoonyesha. RTX 4060 ina GB 8 na inakula wati 115 tu, jambo linalosaidia pawa saplai ndogo. Intel Arc B580 ina GB 12, lakini inahitaji Resizable BAR (mpangilio unaoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo) iwashwe kwenye BIOS, programu ya msingi ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows. Bila hiyo hupoteza kasi nyingi, na kwenye prosesa za zamani hupungukiwa hata ikiwashwa. Usiichanganye na mashine ya miaka kumi iliyopita.

Majina hudanganya. GTX 1060 ya GB 3 haikupunguziwa kumbukumbu tu, imepunguziwa na viini, yaani vitengo vya kupiga hesabu. RX 580 yenye maandishi 2048SP kimsingi ni RX 570 iliyopewa jina kubwa. RX 6500 XT ina GB 4 na njia nne tu za PCIe. Ukiichomeka kwenye ubao wa PCIe 3.0, kizazi kilichotangulia 4.0, njia hizo nne zinakuwa na nusu ya kasi, na kadi iliyokuwa tayari na kumbukumbu ndogo inaumia maradufu. Kabla ya kulipa, soma jina lote hadi herufi ya mwisho, pamoja na kiasi na aina ya kumbukumbu.

Ukienda kwenye kadi ya mtumba, na kwa bajeti ndogo hapo ndipo penye faida kubwa zaidi, usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi. Fungua programu ya GPU-Z. Kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya zaidi hukamatwa hapo, maana programu huandika neno FAKE mbele ya jina. Linganisha pia idadi ya viini na upana wa njia ya kumbukumbu na kadi halisi. Baada ya hapo, endesha gemu nzito au programu ya majaribio kwa nusu saa huku ukitazama joto. Vidoti vya rangi, mistari au pembetatu zinazochomoza kwenye picha zinaonyesha kumbukumbu au chipu iliyochoka. Kadi hiyo iache hata wakipunguza bei. Kama joto la chipu ni nyuzijoto 70 lakini sehemu yake ya moto zaidi inasoma 100, pesti ya joto imekauka au kipoza joto hakijakaa sawa. Hilo linatengenezeka, ila libakie kuwa hoja yako ya kushusha bei. Chunguza plagi ya umeme kama ina plastiki iliyoyeyuka, na zungusha kila feni kwa kidole usikie kama inakwaruza. Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali si mbaya moja kwa moja: kinachochakaa kwanza ni feni na pedi za joto, na vyote hubadilishwa.

Prosesa na ubao mama

Viini sita na nyuzi kumi na mbili (kazi ambazo prosesa huendesha kwa wakati mmoja) vinatosha kwa kadi zote zilizotajwa hapo juu. Ryzen 5 5600 ni chaguo la kawaida kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye ubao mama) ya AM4 ya AMD, na toleo la boksi huja na kipoza joto chake, kwa hiyo hununui kingine. Upande wa Intel ni Core i5-12400F. Ukibanwa zaidi, Core i3-12100F yenye viini vinne na nyuzi nane bado inacheza vizuri, ingawa itaanza kuhema ukifungua kivinjari na programu ya kurekodi huku gemu inaendelea.

Tazama herufi za mwisho. F kwenye prosesa ya Intel maana yake haina picha ya ndani, yaani sehemu ya kuonyesha picha bila kadi: bila kadi, kioo hakitawaka kamwe. Ryzen 5 5600 nayo haina picha ya ndani, japo jina lake halina F. Ryzen 5 5600G inayo, na inamfaa mtu asiye na pesa ya kadi leo, lakini kache yake (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32 na inaishia PCIe 3.0. Ryzen 5 5500 ina mapungufu hayohayo mawili na picha ya ndani haina. Kama tofauti ya bei kati yake na 5600 ni ndogo, chukua 5600. Gemu hupenda kache.

Soketi gani? AM4 hutumia DDR4 (kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5), na vipuri vyake vimejaa sokoni, vipya na vya mtumba. Ukifika kwenye Ryzen 7 5800X3D umefika mwisho wa barabara. AM5, iliyoanza 2022, hutumia DDR5 pekee na gharama ya kuingia ni kubwa zaidi, ila AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Ushauri wetu ni huu: kama kwenda AM5 kutakulazimisha ushuke daraja la kadi ya picha, baki AM4. Kadi ndiyo utakayoiona kila siku kwenye kioo. Kama kadi haibadiliki, nenda AM5 na utabadilisha prosesa huko mbele bila kugusa ubao.

Kwa prosesa za wati 65 huhitaji ubao mama wa kifahari. Kwa AM4, ubao wa aina ya A520 inatosha, B550 inaongeza PCIe 4.0, na mingi ina sloti nne za RAM. Shida iko kwenye B450 iliyokaa stoo muda mrefu. Ilitoka kabla ya Ryzen 5000, na BIOS ya zamani haiitambui prosesa: feni zinazunguka, kioo cheusi, na mnunuzi anadhani ameuziwa kitu kibovu. Muulize muuzaji kama BIOS imesasishwa, au chagua ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Upande wa Intel, H610 ni ya bei ndogo lakini ina sloti mbili tu za RAM na hairuhusu RAM kuvuka kasi ya kawaida. B660 au B760 inaruhusu. Soma pia kama ubao ni wa DDR4 au DDR5, maana soketi ya LGA1700 ina aina zote mbili, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. Hakikisha mwisho kwamba sloti ya M.2 (tundu la SSD bapa) inakubali NVMe, aina ya haraka, na si SATA ya zamani peke yake, na kama unategemea Wi-Fi, uone imeandikwa kwenye jina la ubao au utenge pesa ya adapta.

RAM na SSD

Nunua GB 16 katika vipande viwili vya GB 8, vilivyofungwa pamoja katika pakiti moja. Kipande kimoja cha GB 16 hutumia chaneli moja na kukata nusu ya upana wa njia kati ya prosesa na RAM. Gemu zinazotegemea prosesa hupoteza fremu nyingi kwa sababu hiyo, na kompyuta inayotumia picha ya ndani huumia zaidi, kwa kuwa RAM ndiyo kumbukumbu ya picha. Kwa DDR4 chukua kasi ya 3200 yenye CL16 (CL ni ucheleweshaji wa RAM; namba ndogo ni bora). Kwa AM5, DDR5 ya 6000 yenye CL30 au 36 ni mahali pazuri pa kusimama. Kuchanganya vipande vya kampuni au kasi tofauti wakati mwingine hukubali, wakati mwingine huleta kompyuta inayojizima katikati ya mechi.

SSD ya NVMe ya TB 1 ndiyo ya kulenga. Gemu kubwa za siku hizi hupita GB 100 kila moja, kwa hiyo GB 500 itakulazimisha kufuta na kupakua upya kila wiki. Tofauti kati ya SATA ya MB 550 kwa sekunde na NVMe ya MB 3500 ni kubwa kwenye karatasi, ila katika kufungua gemu nyingi ni sekunde chache, hivyo usilipie zaidi kwa ajili ya PCIe 5.0. Windows na gemu zikae kwenye SSD. Hadidiski ya zamani ibaki kwa picha na filamu. Na ukiona SSD ya TB kadhaa kwa bei ya flashi, ni ya uongo: hujionyesha kuwa na nafasi kubwa, kisha hufuta au kuharibu mafaili ya mwanzo inapojaa.

Pawa saplai

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Pawa saplai mbovu huondoka na kadi, ubao na diski kwa mpigo mmoja. Rahisi ghali, na kipuri hiki ndicho kinachothibitisha.

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma jedwali dogo la lebo, mstari wa volti 12, kwa kuwa prosesa na kadi vyote vinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ikiwa imeandikwa wati 500 lakini volti 12 ina ampea 25, una wati 300 za kutumia, basi. Pawa saplai nzuri ya wati 550 itakuwa na ampea 40 na zaidi kwenye mstari huo.

Kisha piga hesabu ya mashine yako. Core i5-12400F inaweza kufika wati 117 ikisukumwa hadi mwisho. RX 6600 ni 132. Ubao, RAM, diski na feni viwekee 50. Jumla ni karibu 300. Kadi za picha huruka juu ya kiwango chao kwa milisekunde chache, na ni miruko hiyo inayozima kompyuta ghafla wakati gemu imekolea. Ndiyo maana tunasema wati 500 au 550 za kweli, zikiacha na nafasi ya kadi kubwa zaidi baadaye. Alama ya 80 PLUS Bronze hupima ni umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haipimi ulinzi wala ubora wa kapasita, kwa hiyo isiwe kigezo chako pekee. Tafuta majaribio ya mfano huohuo na dhamana ya miaka mitatu au zaidi.

Inunue mpya. Hakikisha ina waya wa pini 4+4 wa prosesa na angalau waya mmoja wa pini 6+2 wa kadi. Ikikosa, usitumie adapta inayogeuza plagi ya SATA kuwa pini 8: plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, huku pini 8 ikiruhusiwa kuvuta 150. Plastiki huyeyuka. Nyaya za pawa saplai moja zinazochomoka usizichomeke kwenye pawa saplai nyingine hata kama zinaingia, sababu mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hauna kanuni moja, na volti 12 ikifika mahali pa volti 5 diski inakufa papo hapo. Na kama nyuma ina swichi nyekundu ya 115 na 230, iweke sawa na umeme wa unakoishi kabla ya kuchomeka.

Kesi

Uso wa mbele uwe wa wavu, si kioo wala plastiki iliyozibwa. Feni moja ya kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma zinatosha. Pima urefu wa kadi dhidi ya nafasi iliyotajwa na mtengenezaji wa kesi, ukikumbuka kwamba feni ya mbele hula sentimeta mbili na nusu. Kesi inayouzwa pamoja na pawa saplai isiyo na jina ihesabu kama kesi tu.

Wengi huuliza kuhusu kompyuta ya ofisi ya mtumba, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, iongezewe kadi. Inawezekana, ila pawa saplai na ubao wake mara nyingi vina plagi za kampuni yenyewe, hakuna waya wa kadi, na kesi nyembamba hukubali kadi fupi peke yake. Hapo unabaki na kadi zinazokula umeme wa sloti tu, yaani wati 75 kushuka chini, kama GTX 1650 isiyo na plagi. Pia angalia umri wa prosesa: Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kompyuta) na kwa Intel kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Baadhi ya gemu za mtandaoni hukagua TPM na Secure Boot (ulinzi wa kuwasha kompyuta) zenyewe.

Kabla ya kufunga skurubu

Nunua vipuri vyote karibu kwa wakati mmoja ili muda wa kurudisha usipite huku kimoja kikisubiri kingine. Viunganishe kwanza nje ya kesi, ubao ukiwa juu ya boksi lake la karatasi: prosesa, kipoza joto, RAM, kadi, pawa saplai. Vipande viwili vya RAM kwenye ubao wa sloti nne huingia ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Bandua nailoni chini ya kipoza joto kama ipo.

Kioo kisipowaka, usikimbilie kusema kipuri kimekufa. Waya wa monita uko kwenye kadi, au umechomekwa kwenye ubao? Waya wa pini 4+4 wa prosesa umeingia? RAM imebonyezwa mpaka ikalia pande zote mbili? Jaribu kipande kimoja kimoja. Ukishaingiza ubao kwenye kesi na ghafla ikagoma, tafuta kijiguu cha chuma cha kuinulia ubao kilichobaki mahali ubao hauna tundu. Kinagusa saketi kwa nyuma na kuleta shoti.

Ikiwaka, ingia BIOS kabla ya kuweka Windows. Washa XMP (mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili), au EXPO kwa DDR5 ya AMD, la sivyo RAM ya 3200 itafanya kazi kwa 2133, 2400 au 2666. Washa Resizable BAR. Baada ya draiva za kadi kuingia, fungua mipangilio ya kioo ndani ya Windows na uangalie hezi, kwani monita ya 144 mara nyingi huachwa kwenye 60 hadi uibadilishe kwa mkono.